Hapokewi Mtu Nchi Kavu

Sisi watoto wa Likoni tulikuwa na kanuni yetu pale Shelly Beach: hapokewi mtu nchi kavu. Mkishindana kuogelea hadi kwenye miamba na kurudi, aliyetangulia hakai mchangani kujikausha. Anarudi majini kumpokea wa mwisho, wanakumbatiana, ndipo wanatoka wote. Ukibaki mchangani unaitwa mchoyo, na mamangu akisikia, kofi unalo. Nilikua hivyo, nikaajiriwa hivyo kuokoa watu kwenye hoteli moja ya Shanzu, na hivyo hivyo nikachaguliwa timu ya taifa ya kuogelea.

Lakini nisijitetee. Kocha alitwambia. Asubuhi ya shindano, ugenini huko, tukinywa chai isiyo na hata harufu ya tangawizi, alitusomea sheria moja moja. Ukimaliza zamu yako, toka majini. Ukishatoka, usirudi mpaka timu zote zimalize. Mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Kocha, tuache basi tumeze mkate, tushasikia!" Wenzangu wakacheka, nami nikajiona hodari. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulikuwa wanne, tunaogelea kwa kupokezana. Mimi ndiye niliyeanza. Wa mwisho alikuwa mkubwa wetu, mtu wa Changamwe, tukimwita Kaka. Huyu alikuwa akitoka zamu ya usiku kiwandani na kuja mazoezini moja kwa moja, macho mekundu. Alikuwa ametwambia wazi kwamba hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho. Bega lilikuwa limechoka na mkewe alikuwa mjamzito. Medali hakuzitaka, hizo hata ndotoni hatukuziona. Alitaka jambo moja tu: tuingie fainali, mara moja, kabla hajastaafu.

Wallahi, siku ile aliogelea! Alipoingia majini tulikuwa wa tano. Alipogusa ukuta nikatazama ubao: watatu, na muda ambao timu yetu haikuwahi kuufikia. Fainali tumeingia! Kaka akainua uso, anatweta, mkono juu.

Basi, miguu haikuniuliza. Nikajirusha majini, nikamkumbatia shingoni, nikipiga kelele, "Kaka, tumefika! Tumefika!" Yeye hakupiga kelele. Alikuwa akitazama nyuma yangu, kule pembeni, ambako timu mbili zilikuwa bado zinaogelea.

Mwamuzi alikuja na karatasi yake. Muda wetu ukafutwa kwenye ubao, na mahali pake pakaandikwa kwamba tumeondolewa. Wale wenzetu wawili walishika vichwa. Kocha alinigeuzia mgongo, na haki yake. Kaka ndiye aliyenitoa majini, amenishika kwapani, jinsi mimi ninavyowatoa wageni waliokunywa maji. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alinifunika taulo lake akasema, "Jikaushe, utapata baridi." Nililia mbele za watu wazima wenzangu, wala sikuona haya.

Tangu hapo tumekutana mara nyingi, tumekula pamoja, tumezikiana wafu wetu. Habari ile hajaitaja, nami sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno. Kila nikitaka, naona nitamtonesha kidonda. Huo ni uwongo wangu tu, naogopa.

Mwaka jana alikuja Likoni na binti yake, yule yule wa mimba ile, ili nimfunze kuogelea. Mtoto ana ulimi, maashallah. Tulipokuwa tumesimama majini, maji magotini, akamgeukia baba yake.

"Baba, nimeona kwenye simu. Mbona mmeandikwa mliondolewa? Kuna mtu alikosea?"

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Kaka akajimwagia maji usoni, akajifuta polepole.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Niliruka mapema. Haraka zangu tu."

"Baba nawe! Hata mimi najua kungoja!" Mtoto akamcheka mpaka akashika tumbo. Kaka naye akacheka, bila kunitazama.

Nami nilikuwa hapo hapo, nimeshika miwani ya mtoto. Ule mdomo wangu wa siku ya chai sijui ulikwenda wapi. Nikamvika mtoto miwani, nikamwambia, "Haya, tuanze."