Waya Uliopita Uani Kwangu

Fundi Bakari aliinua sidiria yangu kwa ncha ya bisibisi, mbele ya majirani wote wa mtaa wetu wa Rahaleo, akasema, “Mama Rashidi, tatizo la intaneti ndilo hili.”

Jirani yangu Mama Zuhura akadakia, “Shoga, kumbe intaneti yako inavaa!”

Mimi ni mjane. Kipindupindu kilimchukua mume wangu, mimi kikanibakiza. Shule niliishia darasa la tatu. Mwanangu Rashidi, aliyeko Maskati, ndiye aliyeagiza nifungiwe kompyuta na rauta, kile kisanduku cha kuleta intaneti, tuonane sura siku ya Idi.

Mkesha wa Idi nikafua kila kitu, kamba ikajaa, nguo nyingine nikatupia kwenye waya uliopita kando ya kamba. Asubuhi taa ya rauta ikawa nyekundu. Bakari akaja, akabonyezabonyeza, akasema rauta haipewi anwani ya kuingia mtandaoni.

“Mwizi we! Umenifungia kibovu!” nikamfokea. “Au Mama Zuhura ananiibia intaneti ukutani!” Nilipaza sauti makusudi, watu wakajaa. Bakari akaufuata waya wa rauta, ukatoka dirishani, ukakatiza uani kuelekea antena ya paani. Nguo zangu mbichi zilikuwa zimeuchomoa kwa uzito.

Bakari, nani huvuta waya usawa wa kamba ya kuanikia? Lakini wewe uliurudisha siku ileile, nimekusamehe. Rashidi, wewe ndiwe wa kunijibu. Taa ni ya kijani tangu Idi, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta. Mbona hupigi?