Simba Aliyengojeshwa Keki Yake

Kosa ninalolikiri hapa ni lile la kumheshimu mtu kwa cheo chake, kumpuuza mwingine kwa kazi yake, kisha kuita tabia hiyo adabu. Nimewafundisha watoto wa watu adabu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimesoma vitabu vingi kuihusu. Ilihitajika siku ya kuzaliwa ya simba kunionyesha kwamba mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Mwaka ambao matatu za Nairobi zilianza kupakwa mstari wa manjano, nilikuwa mlezi wa chama cha wanyamapori katika shule ya wasichana huko Riruta. Wanachama walikuwa wamemchagua simba jike mmoja kuwa simba wao, katika bustani ndogo ya wanyama iliyokuwa upande uleule wa jiji. Aliletwa pale akiwa mtoto asiye na mama, na kwa kuwa hakuna aliyejua alizaliwa lini, siku aliyofika ndiyo iliyofanywa siku yake ya kuzaliwa. Tuliiadhimisha kila mwaka. Keki yake ilikuwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na maini na damu, ikagandishwa ndani ya karai, na mahali pa mishumaa ikachomekwa mifupa ya mbavu, mmoja kwa kila mwaka. Safari hiyo mifupa ilikuwa minane.

Utaratibu ulikuwa uleule kila mwaka: ili ale kwa hamu mbele ya wageni, simba hakulishwa siku iliyotangulia. Asubuhi ya sherehe alifungiwa chumba cha ndani chenye mlango wa chuma wa kuburuta. Keki iliwekwa juu ya gogo katikati ya ua, aliyeiweka akatoka, lango la uzio likafungwa, ndipo mtunzaji alipouburuta ule mlango na simba akatoka kula. Shughuli yote haikuzidi dakika kumi.

Lakini mwaka huo mwenyekiti wa sherehe nilikuwa mimi, na dakika kumi niliziona kuwa ni aibu. Nilimwalika mama mmoja mheshimiwa wa mtaa wa kitajiri wa Kitisuru, mfadhili wa nyama ya simba wetu, awe mgeni wa heshima. Nikaamuru kwamba keki isiingie uani mpaka afike, ili ashuhudie msichana wa shule akiibeba. Nilimteua msichana wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, mpole, ambaye hakuwahi kuniuliza swali lolote.

Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa tano alimpigia meneja wa bustani simu kusema amekwama katikati ya jiji, alikokuwa amepitia kuchukua keki ya watu.

"Kwani mgeni wa heshima si simba?" nilimsikia msichana mmoja akinong'ona nyuma yangu. "Na yeye alifika mapema."

"Huyu mwingine bado anapanda ngano ya hiyo keki," mwenzake akajibu.

Niligeuka nikawatazama, wakanyamaza.

Simba naye alikuwa kimya, na kimya chake ndicho kilichoanza kunikosesha raha. Karai lilikuwa kivulini, hatua chache kutoka uzioni. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na damu kuchuruzika, na upepo ulivuma kuelekea chumbani mwake. Hakunguruma. Tulisikia nyayo zake zikizunguka juu ya saruji, kisha zikisimama, kisha mlango ukipigwa: dum. Nyayo tena. Dum.

Mwanamke aliyefagia vizimba alinijia. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Kangemi hadi pale. Wasichana walimwita Shosho, kama walivyowaita bibi zao, nami nilikuwa nimewakataza. Mfanyakazi, niliwaambia, ni mfanyakazi.

"Mwalimu, hii simba haijakula tangu juzi jioni. Wekeni hiyo keki sasa."

"Tunamngoja mgeni, mama."

"Si mgeni ndiye ananunua nyama? Basi ataikuta ikikula, afurahi."

"Kuna itifaki."

"Na simba mmeiambia hiyo itifaki?"

Wasichana waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisogea karibu, akainama, akashusha sauti. "Mwalimu, hiyo komeo ya mlango inapanda. Ikigongwa inapanda kidogo, ikigongwa inapanda kidogo. Mimi ndio nafagia hapo kila siku. Naiona."

Ningeweza kwenda kutazama. Zilikuwa hatua kumi na tano. Badala yake nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, kila mtu ana kazi yake. Rudi kwenye ufagio wako."

Alinitazama bila hasira. "Sawa, mwalimu."

Akaenda kwenye mfereji, akajaza ndoo, akarudi kuketi chini kando ya uzio, karibu kabisa na ule mlango wa chuma, ndoo mbele yake na ufagio wa mpini mrefu magotini. Nilidhani amenuna.

Ilipokaribia saa sita gari kubwa lilionekana. Nikamtuma mtunzaji wa simba, mtu pekee aliyekuwa na mamlaka juu ya mlango ule, aende kwenye lango kuu la bustani kumpokea mgeni kwa shada la maua; gari likampita huko, likaja kusimama mbele yetu.

"Poleni jamani," mgeni alisema akishuka, "hii jam ya town itatuua." Tulicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikamsimamisha mahali pazuri mbele ya uzio, mpiga picha akajiweka tayari, nikampungia mkono yule msichana.

"Nenda. Polepole, uso kwenye kamera."

Aliingia uani akiwa amelikumbatia karai kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, mifupa minane ilimfika kidevuni. Alikuwa amebakiza hatua sita kulifikia gogo.

Dum.

Niliona komeo likipanda. Neno hili naliandika kwa makusudi: niliona. Lakini mgeni alikuwa akinieleza jambo kuhusu barabara za jiji, na sentensi yake ilikuwa haijaisha, nami nikaona ni utovu wa adabu kumkatiza.

Dum.

Komeo liliruka likaanguka juu ya saruji. Mlango ukasogea upana wa kiganja. Ukucha ukatokeza kwenye mwanya, ukafuatwa na pua.

Msichana aliganda katikati ya ua. Damu ya keki ilimtiririka kwenye sweta ya shule. Kinywa changu kilifunguka, kinywa kilichozoea kuhutubia watu mia tano bila kipaza sauti, na hakikutoa kitu.

Ndoo nzima ya maji ilipenya wavu wa uzio ikampiga simba usoni. Alirudi nyuma akipiga chafya, na kabla hajajikusanya, mpini wa ufagio ulikuwa umekwisha kupitishwa kwenye matundu ya wavu na kuzamishwa katika reli ya mlango. Yule mama aliukandamiza kwa uzito wake wote.

"Weka chini, mtoto wangu. Usikimbie. Niangalie mimi, usiangalie mlango. Kuja."

Msichana alilitua karai.

Dum. Mpini ulipinda kama upinde.

"Kuja tu. Hivyo hivyo. Kuja kwa Shosho."

Alitembea hatua moja, na nyingine, macho yake yakiwa kwa yule mama, mpaka akavuka lango. Meneja alilifunga nyuma yake.

Nyuma yangu makofi yalilipuka. Kwetu, anayesherehekea siku ya kuzaliwa humwagiwa maji na rafiki zake, na wageni walidhani wameona desturi hiyo ikitimizwa. "Amemwagiwa!" walipiga kelele. "Simba amemwagiwa!" Hata mgeni wa heshima alicheka, mpaka alipotazama chini na kuona viatu vyake vimerushiwa maji yenye tope.

"Samahani sana, mama," meneja alimwambia. "Huyo mfagiaji tutamwonya."

Nilisikia. Neno moja langu lingetosha kumtetea, na sikulisema.

Mtunzaji alifika mbio, shada la maua bado mkononi. Alilitazama komeo lililolala juu ya saruji, akanitazama mimi, kisha akamsaidia yule mama kuuchomoa ufagio na kuuburuta mlango kama ilivyopangwa. Simba alikula. Picha zilipigwa.

Ulipowadia wakati wa neno la shukrani, nilitoa karatasi yangu na kusoma kwa kufuata vyeo: mgeni wa heshima, meneja, mwalimu mkuu, wanakamati, mwoka keki, mpiga picha. Niliwashukuru watu kumi na mmoja. Niliposoma, yule mama alikuwa amepiga magoti akifuta maji sakafuni, wageni wasije wakateleza.

Tulirudi Riruta kwa miguu. Yule msichana alitembea kando yangu, sweta yake imekauka damu, na kwa mara ya kwanza aliniuliza swali.

"Mwalimu, mbona hukumshukuru Shosho?"

"Hakuwa kwenye orodha," nilijibu.

Alinitazama vilevile nilivyotazamwa pale uzioni, bila hasira.

"Sawa, mwalimu."

Karatasi ile ningali nayo. Mikunjo yake imeanza kuchanika. Nimeitoa leo, na juu kabisa, juu ya mgeni wa heshima, nimeandika jina pekee nililowahi kusikia akiitwa, lile nililowakataza wasichana: Shosho.