Niliandika "W" kwenye bunda la jarida la shule, Rahma akaujua msiba tuliokuwa tunamficha

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Mi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, natoka bila hata kulike. Leo nina langu, na halichekeshi. Sijatia chumvi hata punje. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na shule sitaitaja, msiniulize.

Niko Bujumbura, mtaa wa Jabe. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, kimekulia kati ya Kongo na Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo mkikuta "mutoto" na "apana" msijae kwenye comments kunisahihisha.

Nina ofisi ndogo karibu na soko. Nachapa barua, natoa fotokopi, napiga picha, naprinti. Nyinyi mnaita stationery, sisi tunaita secrétariat. Jina langu tuseme Issa, ila soko zima linaniita Issa Makosa, kwa sababu niliwahi kuchapa kadi za harusi zikatoka zinaalika watu kwenye "ndoo" badala ya ndoa. Wahuni wawili walikuja harusini wamebeba ndoo kweli. Tangu siku hiyo sijapona.

Sasa twende taratibu.

Kuna shule moja ya sekondari huko milimani juu ya Kanyosha, ya bweni. Shamba kweli kweli, ukifika pale simu inatafuta mtandao mpaka betri inaisha. Mwalimu wao wa Kifaransa, tumwite Mwalimu Deo, alianzisha jarida la shule. Kurasa mbili tu, kila muhula. Anashuka na karatasi alizoandika kwa mkono, mi nachapa na kuprinti.

Ukurasa wa kwanza ni pongezi. Nani kaongoza darasa, timu ya wasichana imefunga nani, nani kashinda hesabu kwenye mashindano ya mkoa. Ukurasa wa pili ni habari za mlima mzima. Bomba la maji limetengenezwa, mlinzi mzee amestaafu, mbuzi wa klabu ya kilimo kazaa mapacha watatu. (Hiyo ya mbuzi Mwalimu Deo aliitaka ukurasa wa kwanza, tukabishana nusu saa.)

Na chini kabisa ya ukurasa wa pili kuna sehemu ya pole, majina ya waliofiwa. Hiyo sehemu kule si mchezo. Ukifiwa na jina lako lisitoke, unajiona umedharauliwa, na ukoo wote unanuna.

Rahma alikuwa anasoma hapo, darasa la mwisho. Mutoto wa hapa hapa Jabe. Baba yake alishafariki zamani. Mama yake alikuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Jarida likitoka naprinti moja zaidi kwa ajili ya Mama Rahma. Kusoma kulikuwa kunampa shida, kwa hiyo anakuja na mikono inanuka samaki, anakaa kwenye kiti cha wateja, mi namsomea. Penye jina la mwanae lazima nirudie. Halafu anarudi sokoni anawahadithia wateja jarida zima, hadi mbuzi.

Mwaka huu kisukari kikamlaza.

Nilienda kumuona hospitali baada ya Alasiri. Nilimkuta na Muzee Juma, kaka wa marehemu mume wake, ndiye mkubwa wa familia. Mama Rahma alikuwa amekonda, sauti imeshuka. Akasema, "Muniletee Rahma nimuone."

Muzee Juma akamweleza kwa upole kwamba mtihani wa Serikali uko wiki mbili mbele, mutoto akishuka sasa akaona hali hii hatasoma tena. Avumilie kidogo. Baada ya muda yule mama akarudia, "Nimuone tu, halafu arudi."

Mi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaangalia chupa ya dripu. Sikusema kitu, nikajiambia hii si familia yangu.

Alifariki Jumatatu alfajiri, wiki moja kabla ya mtihani. Tukamzika siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Makaburini wazee wakakaa pembeni wakakubaliana Rahma asiambiwe mpaka atoke kwenye karatasi ya mwisho. Wakuu, msidhani ni watu wabaya. Hoja yao ilikuwa kwamba huyu mama kakaa juani na ndagala miaka yote ili mutoto afike kwenye huu mtihani, tukimwambia leo tutakuwa tumemwaga jasho lake. Mi mwenyewe niliona ni akili. Niliulizwa, nikasema sawa. Mkuu wa shule akapigiwa simu, na walimu wakaambiwa wote. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo siri ilikuwa na ukuta.

Alhamisi ilikuwa siku ya zawadi shuleni, na mpiga picha ni mimi. Nikapanda.

Rahma aliitwa mara mbili. Wa kwanza shule nzima, na wa tatu hesabu kwa mkoa. Wanafunzi wakapiga ngoma na vigelegele. Akapewa chupa ya chai, ile thermos kubwa ya maua, bado ina karatasi ya shule yenye jina lake. Nikawapanga na walimu nipige picha. Nikawaambia walimu wacheke kidogo, wakashindwa. Mwalimu mmoja mwanamke aligeuka akajifanya anafunga kiatu. Kwenye picha ile anayecheka ni Rahma peke yake.

Akanifuata baadaye. Mi ananiita tonton, kama watoto wa mtaani kwetu wanavyowaita wajomba.

"Tonton Issa, mama hakuja?"

Nikamwambia ana malaria kidogo, anakusalimia sana. Hiyo "sana" niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Akafurahi. Akanipa ile thermos nimpelekee mama, maana ya nyumbani ilivunjika mdomo. Nikaibeba. Ningeipeleka wapi, wakuu? Nyumbani kwao wanawake bado wamekaa msibani. Nikaiweka kwenye rafu ofisini, juu ya karatasi.

Sasa kosa lenyewe.

Mwalimu Deo alitaka pole ya Rahma iwemo kwenye jarida, kwa heshima ya marehemu, ila wanafunzi wasiione. Tukapanga matoleo mawili. La wanafunzi bila pole, ligawiwe mara moja. La wazazi lenye pole, lifungiwe kabatini mpaka mkutano wa wazazi, baada ya mtihani. Na kwa kuwa mafuta hakuna mjini, pikipiki ikipanda ndiyo imepanda, ilibidi mabunda yote mawili yaende pamoja.

Ijumaa umeme ulirudi karibu na saa tano. Mwenye pikipiki yuko mlangoni anapiga honi, anasema petroli aliyonayo ni ya kwenda na kurudi tu, hawezi kusubiri. Nikaprinti mbio, nikafunga mabunda kwa kamba, nikachukua kalamu ya maka, nikaandika juu ya bunda moja herufi moja. W.

Kichwani mwangu W ni wazazi. Lile lingine sikuliandika kitu.

Kule Mwalimu Deo akapokea, akaona W, akasema hii ni ya wanafunzi. Akagawa bila kugeuza ukurasa.

Wakuu, nimekaa na hiyo herufi siku nyingi sana. Wazazi, wanafunzi. Mutu mzima, ninaishi kwa kuandika, nikaona uvivu kumalizia neno.

Jumamosi kabla ya Adhuhuri niko ofisini peke yangu. Nikaona Rahma amesimama mlangoni na sketi ya shule. Viatu vimejaa vumbi jekundu. Alitoroka bwenini asubuhi, akatembea kwa miguu mpaka Musaga, ndipo akapata gari la kumfikisha mjini. Mkononi ana jarida limekunjwa mara nne.

Hakuwa amelia. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kurekebishiwa kitu. Akalifungua mezani, akaweka kidole pale chini ya ukurasa wa pili.

"Tonton, umekosea kuandika, si ndiyo?"

Ndugu zangu. Huyu mutoto alipita njia ya kwenda kwao, hakukunja kona. Alikuja kwangu kwanza, kwa sababu soko zima linajua Issa anakosea. Alitembea mlima wote akiwa na tumaini moja tu, kwamba mi ni mjinga.

Nilitamani niseme ndiyo. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Ila kabla sijajibu macho yake yalipanda kwenye rafu, akaiona thermos, na karatasi yenye jina lake bado iko juu yake.

Akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

Nikamwambia, "Apana, Rahma. Sikukosea."

Akauliza alizikwa lini. Nikamwambia Jumatatu. Akahesabu kimya, nikaona anahesabu, akafika Alhamisi. Akaniuliza zile salamu zilitoka kwa nani. Nikasema zilitoka kwangu.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Aliniulizia?"

Hapa ningeweza kudanganya tena, na wazee wangenishukuru. Nikashindwa. Nikamwambia ndiyo, aliomba uletwe, mara mbili, mi nikiwa hapo hapo. Nikamwambia na jinsi nilivyoangalia dripu nikanyamaza.

Ndipo akalia. Nilifunga mlango, nikampigia mke wangu aje, maana mi sikujua hata nimshike wapi.

Nilimwomba msamaha kwa kuchanganya mabunda. Akasema bila hiyo W mungeniacha nicheke wiki nzima tena.

Tukampeleka kwao. Wanawake wakampokea. Muzee Juma akanivuta nje, akaniambia nimemuharibia mutoto maisha, kwamba ningekuwa na akili ya kuandika neno zima tu. Kwa hilo alikuwa na haki.

Jumapili alipelekwa kaburini. Alikaa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha.

Jioni tulikuwa tunajiuliza nani atamshawishi arudi shule. Hakushawishiwa. Akaomba pasi, akanyoosha sketi, Jumatatu alfajiri nikampandisha kwa pikipiki. Alifanya karatasi zote. Mwalimu Deo aliniambia siku ya kwanza Rahma alikaa dakika nyingi bila kushika kalamu, yeye akiwa anamwangalia kupitia dirishani, akijilaani.

Matokeo yakatoka. Rahma amefaulu, na amefaulu vizuri sana, jina lake juu kabisa ya orodha ya shule.

Watu wakakusanyika kwao. Ikasomwa dua, ikaliwa pilau. Ile furaha ya kukaa na msiba kwenye mkeka mmoja mnaijua. Muzee Juma alikuwa na raha, na haki yake, ndiye aliyemlipia shule. Akasimama akashukuru wageni, halafu akasema, si kwa ubaya, kwamba sasa wote wameona wazee hawakukosea, mutoto angeitwa siku zile leo tusingekuwa hapa.

Rahma alikuwa amekaa karibu na mlango na bibi yake. Hakusimama wala hakupandisha sauti.

"Baba mukubwa," akasema, "mwaka wa shule unarudiwa. Darasani kwetu wako watatu walirudia, na hawana shida."

Basi. Bibi akamshika goti.

Muzee Juma alibaki amesimama, sahani mkononi. Akaiweka chini, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameshika ukuta analia, muzee wa watu, anasema aliogopa tu, aliogopa mutoto akose yote mawili. Nikalia naye. Mi na yeye tulikuwa kwenye chumba kile cha hospitali, sote wawili tulisikia.

Wakuu, somo ni fupi. Mgonjwa akisema mniletee mwanangu, mleteni, hata kama kesho ana mtihani, hata kama ana mitihani kumi. Na ukiwa jirani umesimama pale, usijifanye si familia yako. Ungesema neno moja huenda lingetosha, huenda lisingetosha, ila ungekuwa umelisema.

Najua humu wamo waliofichwa msiba kwa ajili ya shule au kazi, nimeona mkigusia kwenye nyuzi nyingine. Tuambieni, mlijua vipi, na mliwafanyaje waliowaficha? Na wewe uliyeficha, uliwahi kurudi kwa huyo mtu ukaomba msamaha? Tukaneni pia kama mnataka, nitasoma zote.

Mi nilirudi. Wiki iliyopita, kabla hajaanza chuo, nilienda nikamuomba msamaha tena, safari hii kwa salamu zile na kwa kunyamaza kule hospitali.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, tonton.

Hakusema amenisamehe. Alisema sawa.