Magunia Juu ya Mchuzi

Nimeishi katika miji mingi tangu hapo, na hakuna mji usio na wajinga wake, lakini wale wa Masaki, ile ya mashamba ya mikorosho, bado nawapa nafasi ya kwanza, kwa kuwa waliujivunia ujinga wao.

Shangazi yangu aliolewa huko akitokea kwetu Magindu. Ukoo wa mumewe ulikuwa na desturi moja: chakula cha hitima kisipoe. Mgeni akila mchuzi wa baridi, aibu ni ya wote. Basi nyama ilipikwa jioni ya kuamkia shughuli, ikaepuliwa, masufuria yakafunikwa kwa majani ya migomba na magunia, yakakaa hivyo, vuguvugu, mpaka saa ya kula, adhuhuri. Kuwasha moto tena kulihesabiwa umaskini wa mapishi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekwenda kumtembelea, ilipofika hitima ya baba mkwe wake. Asubuhi Shangazi alitaka kuuchemsha mchuzi upya. Wifi yake akamnyang'anya kuni.

"Wifi, kwenu Magindu mnapasha viporo. Hapa tunafunika."

Akaongeza gunia jingine kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake ukoo mzima ulikuwa ukipishana kwenye mikorosho. Wazee waliozoea kuitikia marahaba kwa madaha walinipita mbio, wameshika matumbo, hawana haja na shikamoo ya mtu. Hakufa hata mmoja. Lakini neno sumu lilikwisha tamkwa, na aliyelitamka ni wifi. Mume akasema Bwana Afya aitwe. Ikithibitika ni sumu, mke atarudi kwao.

Bwana Afya alikuja na kaptura ngumu kwa wanga na kichwa kigumu kuliko kaptura. Alichungulia masufuria yaliyokwisha oshwa.

"Nyama ilichemka?"

"Ilichemka, Bwana, mpaka ikaachana na mifupa," Shangazi akajibu.

"Basi hakuna kijidudu kinachostahimili maji ya moto. Hiki si kijidudu. Hii ni kazi ya mtu."

Nikamwambia tulivyofundishwa shuleni: wapo vijidudu ambao, mambo yakiwa magumu, hujifungia ndani ya ganda kama mbegu. Moto huwaua wenzao, wao hungoja. Mchuzi ukibaki vuguvugu muda mrefu, huamka na kuzaana humo. Mchuzi ungeachwa upoe upesi, au uchemshwe tena kabla ya kuliwa, tusingekuwa na mkutano huu.

"Kijana," akasema, "hao wadudu wako ganda hilo wameshonewa na fundi gani?"

Wakacheka mpaka wengine wakalazimika kukimbilia tena mikoroshoni. Wifi alicheka kupita wote. Ndivyo kesi ilivyoamuliwa: kwa kicheko cha watu wanaoharisha.

Mume, ambaye hata kununua jembe alimwuliza dada yake kwanza, alimtazama dada yake, kisha akatoa talaka. Shangazi hakulia wala hakuomba. Alifunga nguo zake katika kanga, tukaondoka.

Mumewe alitufuata mpaka mwisho wa shamba, mkono mmoja tumboni.

"Mama, maneno ya watu yakitulia nitakurejea. Eda ndiyo kwanza imeanza."

"Usijisumbue, baba," Shangazi akamjibu. "Kaa na dada yako. Mimi nimekwisha olewa naye vya kutosha."

Akanipita, akashika njia ya Kibaha, ya kurudi kwetu, kwa mwendo ambao mimi, kijana, niliupata kwa taabu.