Tanga la Mwanamke wa Ghorofani

Kitabu chenyewe kilikuja kwetu Msimbu, huko Kisarawe, ndani ya kapu la mihogo mikavu. Alikileta jirani yetu, mke wa mwalimu wa misheni, mama wa Kikristo mwenye roho ya kugawa, ambaye alikuwa amekisoma mpaka kikamnyima usingizi, akaona heri na sisi tukose. Ilikuwa hadithi ya Kizungu iliyotiwa Kiswahili. Ndani mlikuwa na jumba la mawe huko Ulaya, ukungu asubuhi na jioni, tajiri mmoja mnuno, bibi harusi mdogo aliyeolewa juzijuzi, na huko ghorofani mwanamke wa nguo nyeupe akitembea na mshumaa. Mwanamke huyo alikuwa mke wa kwanza wa tajiri. Tajiri alisema kafa maji ziwani na maiti yake haikuonekana.

Msomaji nilikuwa mie, kwa kuwa nyumbani kwetu ndimi pekee niliyepita shule, tena nilikuwa na sauti ya kuita mbuzi. Vita vya Burma vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na mie nilikuwa bado sijavunja ungo, ndiyo maana niliruhusiwa kukaa nje na kelele zangu. Kila alasiri wanawake walikaa kibarazani kusuka ukili wa mikeka, mie nikasoma. Na jamani, kama kuna mtu alikwambia kwamba watu wa Kisarawe wanasikiliza hadithi kwa kunyamaza, alikudanganya mchana kweupe. Sikumaliza ukurasa hata mmoja bila kusimamishwa.

Wa kwanza kunisimamisha alikuwa bibi yangu, mzaa mama, aliyetulea mie na dada yangu. Yeye aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Hebu simama hapo, mke mwenzangu," akasema. "Mtu na mkewe, vyumba vyote hivyo, na hakuna hata shangazi mmoja anayekaa humo?"

"Hakuna, bibi."

"Hayo ni mahame. Mie ningekuwa shetani ningehamia leo leo na watoto wangu."

Bibi harusi ndiye hasa alimchefua. Kila mara yule binti akisikia nyayo gizani, anawasha mshumaa na kuzifuata. Bibi akawa anauliza huyu kafundwa na nani, hana shoga wa kumwita, hana hata mbwa. Mke wa mwalimu akamtetea, akasema ni mtoto wa watu, yuko ugenini, hajui pa kukimbilia, na machozi yakamlenga palepale. Wakagombana juu ya mtu ambaye hajazaliwa mpaka ukili wa bibi ukaenda upogo ikabidi aufumue.

Halafu kulikuwa na mtani. Huyu alikuwa mzee wa Kinyamwezi, aliyekuja zamani kukata mkonge upande wa Kibaha, akaoa kwetu, akaota mizizi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo aliweza kuingia jikoni akabeba chungu cha kisamvu na usimwambie kitu. Msibani ndiyo usiseme. Hapo mtani ana kazi yake rasmi: anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na sauti yake na uchoyo wake wote, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Wala hukasiriki. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe.

Mtani alisikiliza hadithi ile siku mbili tatu, amekaa ukingoni mwa kibaraza akichonga mpini wa jembe, kisha akatoa hukumu yake.

"Tatizo la hawa watu ni moja tu. Hawana watani. Tazameni, nyumba nzima hakuna anayecheka. Marehemu atalalaje?"

Tulicheka sana. Mke wa mwalimu akasema Ulaya hawana mambo hayo, na mtani akamjibu ndiyo maana mizimu imejaa kule.

Dada yangu peke yake hakucheka. Hapa lazima niseme habari zake, maana bila hizo hamtaelewa. Mume wake alichukuliwa kwenda vitani Burma. Wenzake wakarudi, na makoti yao mazito na maneno yao ya Kihindi ya kubabaisha, yeye hakurudi. Haikuja barua wala mjumbe. Bibi alitaka tanga la msiba likae, dada akae eda, amalize, aolewe tena angali kijana. Dada alikataa katakata. Kila lori la kutoka Dar es Salaam lilipokaribia, alipata sababu ya kwenda barabarani, leo na fungu la mchicha, kesho na mayai. Alikuwa si mke, si mjane, na ujana wake ulikuwa unapita tukiuona kwa macho. Na kila bibi alipofungua mdomo, dada alikuwa na jibu moja: "Nani aliyeona maiti yake?"

Basi siku ile, baada ya kicheko cha mtani, dada akasema bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Yule mwanamke wa ghorofani hajafa."

"Anatembea hewani, dada," nikasema. "Imeandikwa."

"Nani aliyeona maiti yake?"

Bibi akakohoa. Mtani, ambaye siku zote ana la kusema, akapuliza vumbi kwenye mpini wake. Na dada akaendelea kutueleza, kwa utulivu wa mtu anayejua, kwamba mume amemficha mkewe, kwamba yu hai, anakula, anakunywa, na siku moja atashuka zile ngazi kwa miguu yake. Nani angebishana naye? Tukamwachia. Mke wa mwalimu, ambaye alijua mwisho wa kitabu, akaaga mapema kuliko kawaida.

Nami, mtoto nisiye na adabu, nilifika sura ya mwisho kwa furaha. Nilisoma kwa sauti ya juu kabisa jinsi bibi harusi alivyofungua kile chumba kilichofungwa, jinsi ubao wa sakafu ulivyong'oka, na chini yake mifupa, na pete ya ndoa bado imo kidoleni. Niliigiza hata mlio wa ubao. Dada akaweka ukili wake chini, akachukua jembe, akaenda zake shamba na jua lile.

Bibi akanitazama. "Ungeruka hapo."

"Bibi, ndivyo kilivyoandikwa."

"Sasa nani angejua? Sisi tunaweza kusoma?"

Siku kadhaa dada hakuja kibarazani. Alisukia ukili wake ndani, mlango umerudishwa. Nami kwa mara ya kwanza nilikichukia kile kitabu, nikakirudisha kwenye kapu na kukifunikia mihogo. Halafu alasiri moja akatoka, akakaa mahali pake kama hakuna kilichotokea, akaniuliza kama yule mwanamke walimfanyia tanga.

Nikaenda kukichimbua kitabu. Nilitafuta ukurasa wa mwisho nikamsomea: mifupa ilizikwa mvua ikinyesha, kasisi akiwa pale na wakili. Nusu mstari.

"Nusu mstari?"

"Nusu mstari, dada."

"Hata uji watu hawakunywa?"

"Uji hakuna."

Akasuka kidogo. "Basi tumfanyie sisi."

Bibi alidhani anatania, akacheka. Dada hakucheka. Bibi akafikiri, akapima mambo ya dini na mambo ya dunia, akaamua. Kisomo hapana, maana mtu mwenyewe dini yake hatuijui, na wala hakupata kuishi. Lakini uji na utani, nani katuzuia?

Basi Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tukamkalia tanga mwanamke wa kitabuni. Weee, sijapata kuona msiba mtamu kama ule. Majirani walikuja wakiwa wamekwisha kucheka njiani. Walimpa bibi mkono wa pole na yeye akaupokea kwa uso wa huzuni, akisema alikuwa mtu mwema, tatizo lake ngazi. Mke wa mwalimu alileta mshumaa wa kweli kutoka misheni.

Na mtani akatokea. Alijifunga shuka jeupe kutoka utosini mpaka miguuni, akashika mshumaa jua likiwaka, akaingia uani anajikokota na kulia kwamba ameibiwa ghorofa yake. Alipoona nyumba yetu ya udongo haina mahali pa kupanda, akapanda juu ya kinu, akasimama hapo anayumbayumba, anatupungia. Alifungua banda la kuku akauliza kwa nini chumba hiki kimefungwa tangu alipouawa, na jogoo akamtokea usoni. Mke wa mwalimu, mama yule wa heshima ambaye hata kicheko chake alikifunika kwa leso, akainuka ghafla akawa bibi harusi. Akakunja kanga yake, akanyata kuzunguka jiko, "nani huyo, nani huyo," na mtani akanyata upande wa pili, mpaka wakagongana nyuma ya mtungi wakapiga kelele wote wawili kwa hofu ya kweli. Bibi alikuwa chini, mbavu hana, anaomba wamwonee huruma.

Nikamtazama dada. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimeyaona meno yake muda mrefu, na kwa furaha iliyonishika nilitaka kupanda juu ya kinu mimi mwenyewe.

Mtani akavua shuka, akaanza kudai uji wake. Hapo dada akamwita.

"Mtani. Mwigize na yule mwingine."

"Yupi tena?"

"Unamjua."

Mtani alimjua. Walikuwa wakienda wote kuwinda, yeye na shemeji yangu, wakirudi mikono mitupu na maneno tele. Akaangalia chini, shuka mkononi.

"Mtani wangu," akasema taratibu, "kwenye tanga mimi siigizi mtu aliye hai."

"Najua," dada akasema. "Ndiyo maana nimekwambia."

Bibi akajiinua pale chini, akaja kukaa karibu na dada, akamshika mkono. Mtani akaliweka shuka chini. Kisha akapandisha suruali yake mpaka juu ya kitovu, akatoa kifua, akafumba jicho moja, akatoka mpaka njia panda mbele ya nyumba, akaja kwa ule mwendo wa maringo ambao mie nilikuwa nimeusahau kabisa. Akafika mlangoni, akakohoa mara mbili, akainama kuingia japo mlango ulikuwa mrefu kuliko yeye. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtani na bado alikuwa anaringa.

Dada alikuwa analia na kucheka vyote pamoja, kichwa begani kwa bibi. Bibi alikuwa amekwisha kuanza kumfumua nywele, msuko mmoja baada ya mwingine, kama afanyiwavyo mjane.

"Si hivyo," dada akamwambia mtani, akijifuta uso. "Hakuwa akikohoa mara mbili. Alikuwa akikohoa mara moja, halafu ananiita. Rudi njia panda uanze upya."

Mtani akarudi njia panda, akaanza upya.