Tambi za Dakika Tisa

Nazzarena Cecchini hakuwa mwanamke wa kudanganywa, na mtaa mzima wa Garbatella ulilijua hilo. Akinunua samaki, aliyafunua mwenyewe mashavu ya samaki, aone kama ni wa leo. Akiletewa suruali ya kupunguza, maana kazi yake ilikuwa ushonaji na cherehani yake ilikaa dirishani ghorofa ya nne, alimpima mteja mara mbili, kwa sababu watu huvuta tumbo ndani. Padri akifupisha misa, alitaka kujua anawahi wapi. Mtu mmoja tu hakuwahi kumshuku maishani mwake, naye ni mumewe Ottavio, mpimaji mizani wa soko kuu la matunda. Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne, na Ottavio naye akaingia kwenye orodha.

Mambo yalianzia jikoni. Kila Jumanne Nazzarena alipika tambi za jibini na pilipili, chakula cha haraka kuliko vyote Roma, na chenye hila kuliko vyote. Hakuna maziwa, hakuna siagi, na atakayetaja malai aonyeshwe mlango. Ni jibini kavu ya kondoo iliyokunwa laini, pilipili manga iliyopondwa na kukaangwa bila mafuta mpaka inukie, na maji yale yale yaliyochemshia tambi. Unachota upawa mmoja, unaacha maji yapoe kidogo, unakandia jibini mpaka iwe uji mzito mweupe, halafu unatupia tambi na kugeuza kwa nguvu. Sahani inang'aa, rojo limeng'ang'ania kila uzi. Lakini hapo hapo ule! Ukichelewa, jibini inaganda madonge, na kilichobaki ni cha paka.

Ndiyo maana palikuwa na milio miwili. Ottavio akishuka basi saa saba na ushee mchana, aliingia mkahawa wa pale kituoni, akatia sarafu kwenye simu, akaacha simu ya nyumbani ilie mara mbili, kisha akakata na sarafu yake ikamrudia. Nazzarena hakupokea. Milio miwili maana yake ni moja tu: tia tambi. Tambi zilitaka dakika tisa chunguni, na Ottavio alitaka dakika tisa kutoka mkahawani hadi mezani, ngazi zikiwemo. Alipokuwa akivua kofia, sahani ilikuwa inatua mezani. Walikwenda hivyo miaka ishirini na miwili. Nyumba nyingi za Roma zilifanya vivyo hivyo, lakini Nazzarena aliamini ni wao wawili peke yao.

Baada ya Pasaka, rojo likaanza kuganda.

Mara ya kwanza alimrukia muuza jibini. "We Gualtiero, umeniuzia sabuni!"

"Sabuni gani, mama? Ni jibini ile ile ya siku zote!"

"Nionjeshe."

Akaonja, akaonja tena, akaondoka bila kuomba radhi. Jibini ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mara ya pili alilaumu gesi. Mara ya tatu alitazama saa ya ukutani. Milio miwili: saa saba na dakika ishirini. Mlango kufunguliwa: saa saba na thelathini na tano. Dakika kumi na tano! Na Ottavio aliingia nywele zimelowa na kuchanwa, uso umenawa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Jamani, mwanamume anayenawa kabla hajafika kwake, ananawa kwa nani?

"Umechelewa, baba," Nazzarena akasema.

"Basi hilo, mke wangu. Limechelewa."

"Limechelewa baada ya wewe kushuka?"

Ottavio akacheka kidogo, akakaa, akala madonge yote, akasifu. Hapo ndipo Nazzarena alipopata hakika yake. Mtu asiye na hatia angelalamika.

Toka siku hiyo hakuficha tena. Kila Jumanne alivuta kiti, akakaa mbele ya saa, mikono imekunjwa kifuani. "Kumi na mbili," alimpokea mlangoni. Wiki iliyofuata akasema, "Kumi na moja. Tunajitahidi, naona." Na iliyofuata: "Kumi! Kumbe ukitaka unaweza." Ottavio alisimama kizingitini anahema.

"Mbona unahema? Unakimbizwa na nani?"

"Nawahi tambi."

"Mh! Tambi," akasema Nazzarena, akamgeuzia mgongo.

Aliumia, tusifichane. Miaka thelathini na tano ya ndoa, na usiku alilala akimsikiliza mumewe anavyopumua, akijiuliza anamwota nani. Alinusa mashati. Alipekua mifuko ya koti, akakuta kitambaa cha mkononi kisicho chake, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne. Akakirudisha palepale.

Jina la mwenye kitambaa alipewa na Palmira, jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye mlango wake haukuwahi kufungwa sawasawa.

"Shoga, mimi sisemi kitu," Palmira akaanza.

"Sema."

"Mimi simo kabisa."

"Palmira, sema, usinitoe roho!"

"Ottavio wako anaingia kwa Fernanda. Kila siku ya Mungu. Anaingia, anakaa, anatoka amechana nywele."

Fernanda! Mjane wa chini, muuguzi mstaafu, apakaye rangi ya midomo hata akienda kutupa taka. Nazzarena hakuwa amesemeshana naye tangu walipogombania kamba ya kuanikia nguo, miaka sita nyuma. Alipanda kwake, akaketi kwenye cherehani, akashona mguu mmoja wa suruali ukaziba kabisa, akaufumua, akaushona tena vilevile.

Jumanne ikafika. Sufuria inatokota, jibini imekunwa, pilipili inanukia. Simu ikalia mara mbili. Nazzarena hakutia tambi. Alizima gesi, akateremka ngazi zote kwa kandambili, upawa bado mkononi, akajificha uani nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Maneno aliyokuwa ameyaandaa yangemtosha jaji.

Ottavio akaingia lango. Akatembea wima, akamsalimia mtunza jengo, hata mluzi akapiga. Kisha akafika chini ya ukuta, pale ambapo dirisha la ghorofa ya nne haliwezi kumwona, na hapo akageuka mtu mwingine kabisa. Mabega yakashuka. Mkono mmoja ukatafuta ukuta, wa pili ukashika kifua. Alisogea hatua mbili, akasimama. Mlango wa Fernanda ukafunguliwa kabla hajabisha, akaingia.

Nazzarena akaifikia nyumba ile mbio, akausukuma mlango kwa upawa. "Kumbe!"

"Nyamaza kwanza," Fernanda akasema bila kugeuka. "Nahesabu."

Ottavio alikuwa kwenye kiti cha jikoni, shati wazi, uso umempauka, jasho likimchuruzika hadi shingoni. Fernanda amemshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Mezani palikuwa na glasi ya maji, taulo na kitana. Upawa wa Nazzarena ulishuka wenyewe.

Ottavio akafumbua macho. "Umeziacha tambi zinaiva?"

"Tambi gani, wewe! Una nini?"

"Moyo," Fernanda akasema. "Tangu kabla ya Pasaka. Daktari kamkataza ngazi. Nimemwambia akueleze, nimemwambia mpaka mdomo umeniuma. Hataki."

"Hataki! Mimi ni nani kwako, Ottavio? Mpita njia?"

Ottavio alimeza maji kidogo. "Ningekwambia, ungehama siku ileile. Chumba alichofia mama yako, dirisha lako la cherehani, vyote ungeviacha kwa ajili yangu. Nikasema, napumzika hapa dakika tano, nafuta jasho, napanda polepole. Ilikuwa inakwenda vizuri."

"Inakwenda vizuri na uso huo?"

"Ilikuwa vizuri mpaka ulipoanza kunihesabia." Hakusema kwa hasira. "Ulinitazama kama unavyomtazama Gualtiero. Wewe hukuwahi kunitazama hivyo, Nazzarena. Sikuweza kuvumilia. Nikaona afadhali nipunguze mapumziko, nipande mbio."

Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Nazzarena alizisikia zote tatu kwa sauti yake mwenyewe, na ile furaha aliyokuwa nayo kila alipompunguzia dakika. Aibu ilimpanda. Akaweka upawa chini, akachukua taulo, akamfuta mumewe shingo, taratibu, nyuma ya masikio pia.

"Hupandi tena," akasema. "Si leo, si kesho."

"Na chakula?"

"Nashusha vitu, nakipika hapa." Akamgeukia Fernanda, na ilimgharimu. "Una sufuria kubwa, dada?"

"Ninayo. Nenda, mimi niko naye."

Akaanza kupanda. Hakuwahi kuzitazama ngazi zile, na sasa aliziona moja moja, zilivyo ndefu, zilivyo wima, pasipo hata pa kukaa. Ghorofa ya pili mlango wa Palmira ulikuwa wazi, na Palmira mwenyewe amesimama hapo, macho yanawaka.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Kwa Fernanda?"

"Kwa Fernanda."

"Mungu wangu! Mzee mzima! Na anavyokimbia kila siku hapa mlangoni kwangu, pumzi juu juu! Akitoka kwa mjane yule, anakimbilia nini huko juu?"

Nazzarena alishika ukingo wa ngazi. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Alikuwa ananikimbilia mimi, Palmira," akasema.