Mueni Akataa Gari Litoke

Saa mbili kasoro asubuhi, Mueni Ndunda anajipenyeza chini ya gari la deraya katika kiwanda kilicho nje kidogo ya mji wa Machakos. Anashusha kinyago usoni na kuanza kuchomelea. Cheche zinamrukia mabegani, naye hasogei.

"Bomu la kutegwa hugonga hapa chini kwanza," anasema baadaye, akijifuta jasho. "Mahali hakuna mtu huangalia."

Kwa miaka tisa, Mueni, 34, alichomelea mageti na madirisha sokoni Kithimani. Mwaka jana, kiwanda kilipopanuliwa na kutangaza nafasi themanini, alifika langoni. Karani akamwelekeza kwenye foleni ya wafagiaji.

"Nikamwambia, nipe chuma, si ufagio."

Alipewa vipande viwili vinene, akaviunga. Mashine ikavikunja hadi vikapinda, lakini kiungo hakikupasuka. Akaajiriwa kwa Sh38,000 kwa mwezi, karibu mara mbili ya alichopata sokoni.

Kisha ikaja siku moja mwezi Machi. Gari lilikuwa limeshapakwa rangi, na lori la kulibeba lilikuwa limefika. Mueni akaona ufa mwembamba kama uzi kwenye sakafu ya gari hilo. Msimamizi wake, Festus Mulwa, akasema rangi itaufunika.

"Hii gari haitoki," Mueni akajibu.

"Wanunuzi wanangoja! Unataka tufutwe sisi wote?"

"Ndugu yangu ni mwanajeshi, Festus. Hupanda hizi gari huko mpakani. Ukitaka itoke, ipitishe juu yangu."

Akaketi mbele ya gurudumu. Lori liliondoka tupu, na Mueni akasimamishwa kazi. Kwa wiki tatu alikaa kwenye chumba chake cha kupanga, mtaani Mumbuni.

"Majirani waliniambia niombe msamaha. Wa nini?"

Wakaguzi wa kiwanda walipokata ile sakafu, walikuta ufa umepenya unene wote wa chuma. Festus mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

"Nilimwambia arudi, alikuwa sawa," Festus anakiri. "Haikuwa rahisi kulisema."

Mueni sasa ameomba kazi ya ukaguzi, ambayo haijawahi kushikwa na mwanamke kiwandani humo. Ombi lake la kwanza lilikataliwa, kwa hiyo kila Jumamosi yuko darasani.

"Wanasema sina cheti. Sawa," anasema, akishusha tena kinyago chake. "Desemba niko na mtihani. Nikipita, watafute sababu nyingine."